Taa Iliyoitikia Sauti ya Mwila

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa. Mwezi wa nane mwaka 1974 ziwa Mweru lilimchukua mume wangu Chola karibu na kisiwa cha Chisenga. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Nikabaki kwetu Kashikishi, kando ya ziwa, na mtoto wetu mmoja, Mwila, kiziwi tangu kuzaliwa. Nasema ukweli mbele ya Mungu: katika kilio kile niliomba Bwana amchukue na mtoto, kwa maana ni baba yake tu aliyejua kuelewana naye.

Mwaka uliofuata lilifunguliwa darasa la viziwi pale Nchelenge, mji wa jirani. Mwalimu alikuwa na sanduku la bati lililounganishwa na betri ya gari. Mbele lilikuwa na kipaza sauti cha kusemea, juu taa nyekundu. Mtoto akitoa sauti, taa inawaka. Akinyamaza, inazimika. Ndugu zangu, niliona watoto wasiosikia hata radi wakiona sauti zao kwa macho!

Lakini Mwila alitoa sauti mara moja, taa ikawaka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Siku tatu ikawa hivyo. Mwalimu akasema nafasi ni chache na wengine wanangoja. Asipopiga hatua mpaka Ijumaa, nimrudishe nyumbani.

Alhamisi akaniuliza, "Mama Mwila, kila taa ikiwaka mutoto anajiziba kinywa. Nani alimufundisha vile?"

Papo hapo nikakumbuka mtumbwi. Sisi tunavua chisense, samaki wale wadogo, kwa taa. Taa ikishawaka mtumbwini hakuna anayetoa sauti, samaki wasikimbie. Chola alipenda kwenda na Mwila, na mtoto alikuwa akipiga kelele bila kujua. Baba yake akawa anamziba mdomo kwa kiganja, mpaka akazoea.

"Ni sisi, mwalimu," nikajibu, nikamweleza yote.

Akacheka polepole. "Hapa hatuvui, Mama. Samaki wangu wote wanavaa viatu."

Nikapiga magoti mbele ya sanduku. Tangu msiba sikuwa nimeinua sauti, hata kanisani. Nikaomba, Bwana, nifungue mimi kwanza. Nikaweka mkono wa Mwila kooni pangu, nikaimba. Taa ikawaka. Nikazidi kuimba, ikazidi kuwaka. Mwila akanitazama, akatazama taa, kisha akatoa sauti ndefu, nzito kama ya mtu mzima. Hakujiziba mdomo. Haleluya! Aliiita taa ile mpaka betri ikaisha nguvu.

Ndugu zangu, nisiwadanganye: masikio yake hayajafunguka. Ila Mungu alinitoa mimi katika shimo la kutamani mtoto wangu afe. Namshukuru, namshukuru na mwalimu yule. Wewe uliye na mtoto kama wangu, usimfiche ndani. Toka naye, umtumaini Bwana.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikipanga samaki sokoni. Mwila akaniita kwa sauti yake ile, mbele ya watu wote. Wachuuzi wa Zaire, wale wa ng'ambo ya ziwa, wakageuka kutazama. Nikainua mkono juu aone, nikaitika.