Mkebe wa Biskuti: Maisha ya Marehemu Mervyn Clarence Haddow, 1951–2025

Mchungaji, majirani wa Wirrabilla, nanyi mliosafiri tangu jana kutoka mashamba ya mbali, kwa niaba ya familia ya Haddow nimesimama kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, ingawa najua wengi mnashangaa kuniona mimi, Desmond Tregenza, kaka wa mjane, nikiishika karatasi hii, maana hakuna asiyejua katika wilaya hii kwamba mimi na marehemu tulibishana miaka arobaini na zaidi juu ya jambo moja, yaani kama pikapu za siku hizi zimeundwa kwa uimara ule wa pikapu za zamani, yeye akisema hata kidogo, mimi nikisema ndiyo, kwa namna yake. Aliyeniteua kusoma ni yeye mwenyewe, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu Mervyn Clarence Haddow alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Clarence Haddow, mchimba visima, na Ida, mpishi wa wachunga ng'ombe katika shamba la Tarrawonga, kilomita themanini kaskazini mwa mji huu. Mto ulikuwa umefurika, hospitali haikufikika, akazaliwa nyuma ya lori la baba yake, na maisha yake yote alipenda kusimulia kwamba lori lile halikuzimika hata mara moja siku hiyo, kana kwamba lori ndilo lililojifungua, si mama yake.

Alianza masomo mwaka 1957 kwa njia ya redio kama watoto wengine wa mashambani, darasa likiwa meza ya jikoni na mwalimu akiwa sauti tu, mpaka siku aliyoifungua redio vipande vipande apate kuona mwalimu amekaa wapi, ndipo wazazi wakampeleka bweni hapa Wirrabilla mwaka 1961. Aliacha shule Desemba 1966 bila cheti cha kutundika ukutani, ila redio ile aliiunganisha tena mwenyewe, na Ida aliisikiliza hadi alipofariki.

Tarehe 9 Januari 1967 aliingia gereji ya hayati Mzee Clem Purdie kujifunza ufundi, akafuzu mwaka 1971, na Mzee Clem alipochoka mgongo mwaka 1978 akamwachia gereji hiyo, ambayo marehemu aliifungua kila siku saa moja asubuhi kwa miaka arobaini na mitano. Alimwoa dada yangu Noeline tarehe 17 Mei 1975, siku ya Jumamosi, katika kanisa lililo ng'ambo ya barabara hii, akachelewa dakika ishirini kwa kuwa njiani alikuta mtu amekwama, akaingia madhabahuni na grisi kwenye mkono wa shati, na Noeline hakulifua shati lile, analo mpaka leo. Walijaliwa watoto wawili, Kerryn, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1978, na Dallas, aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1980, na mjukuu mmoja, Bronte, binti wa Kerryn, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2007, ambaye marehemu alimpenda waziwazi, bila kujali nani anaona.

Sasa nifike kwenye ile pikapu ya kijani, kwa sababu historia ya Merv bila hiyo ni chai bila majani. Aliinunua Septemba 1983, nanyi vijana mliokuta imeshakuwa mzee wa mji mjue kwamba siku hiyo ilikuwa mpya inang'aa, naye akaiendesha moja kwa moja hadi barazani kwa Mzee Clem ili asifiwe, nami nilikuwa nimekaa kando yake nikiwa shahidi. Mzee Clem alishuka ngazi na fimbo yake, akaugonga mlango kwa vifundo vya vidole mara mbili, akainamisha sikio kama mtu anayechagua tikiti sokoni, halafu akatoa hukumu, "Mervyn, mwanangu, umenunua mkebe wa biskuti." Merv aliumia sana, lakini mkono ule na usemi ule alikuja kuvirithi pamoja na gereji, na kuanzia hapo hakuna pikapu mpya iliyoingia mji huu isigongwe mlango, ya polisi aligonga, ya daktari wa mifugo aligonga, ya mchungaji aligonga hapo nje ya kanisa ibada ikiendelea, na kila moja, bila kubagua, ilikuwa mkebe wa biskuti. Mara mia nilimkumbusha kwamba hata ya kwake iliitwa hivyo, naye alijibu kwamba Mzee Clem wakati ule alikuwa ameanza kuziba masikio.

Haki yake nimpe, kwa kuwa yuko mbele yetu na mimi si mtu wa kumsengenya marehemu. Katika mafuriko ya Aprili 1990 alipita siku tatu na ile ya kijani katika maji yaliyofika kiunoni, akabeba wazee, dawa, mbwa na piano ya shule, na pikapu yangu iliyozimika kwenye kivuko cha kwanza aliivuta kwa mnyororo huku akinipungia mkono kama malkia. Mwaka 2011 ya kwangu nyingine ilinisimamisha porini kwa sababu ya waya mwembamba kama unywele, taa ikawaka kunishauri niende kwa muuzaji aliyekuwa kilomita mia nane, naye alipofika akafungua boneti, akatazama, akafunga boneti, akasema, "Shemeji, hii haitaki fundi, inataka mwanasheria." Ya kwake aliitengeneza kwa spana tatu na waya wa uzio, na wengi mliomo ukumbini mnaendesha za zamani leo kwa sababu aliwatafutia, akawafufulia, akawaapia kwamba hizo ndizo gari.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 18 Juni 2016. Kerryn alikuwa anarudi kutoka mechi ya mpira wa wavu, Bronte akiwa na miaka minane kando yake, katika pikapu mpya ambayo marehemu alimkataza kuinunua, kangaruu akaruka barabarani, Kerryn akamkwepa, akagonga ukuta wa daraja dogo la Mulga. Mbele yote ilijikunja hadi karibu na kioo, mifuko ya hewa ikafumuka, na ndani yake Kerryn akatoka na bega lililochubuka, Bronte akatoka akilia kwamba amepoteza kiatu kimoja. Marehemu alifika na winchi, akawakumbatia wote wawili muda mrefu, kisha akalizunguka lile gari, akasema mbele ya watu, "Tazameni takataka, kugonga mara moja tu imekufa." Nami ulimi ukaniponyoka, nikamwambia, "Imekufa yenyewe, Merv, wako wanakunywa chai." Hakunisemesha miezi minne, dada yangu akawa posta kati yetu, akileta salamu na kurudisha sahani, na neno lile hatukulizungumza tena, hata tulipopatana.

Bronte alikuwa ameahidiwa ile ya kijani tangu siku aliyozaliwa. Ndani yake alijifunza kuendesha, na Januari mwaka huu alipopata leseni marehemu aliipiga rangi upya kwa brashi, mwenyewe, wiki mbili juani, akasema atamkabidhi funguo siku ya Pasaka.

Marehemu hakuwa na maradhi yoyote zaidi ya goti. Jumanne ya tarehe 11 Machi 2025, yapata saa kumi na moja jioni, alikuwa akirudi kutoka Tarrawonga kwa mwendo wake uleule wa kilomita sitini, amefunga mkanda, hajaonja hata bia, ng'ombe na ndama wakakatiza mbele yake, akawakwepa, akagonga mkaratusi. Jirani yetu Colin Strachan alimkuta baada ya kama saa nzima, na Colin ameniruhusu niseme alichokikuta, kwamba injini ilikuwa bado inanguruma vizuri kabisa, taa moja tu imevunjika, chesisi haikupinda hata upana wa kidole, na marehemu ameegemea usukani, kifua kimebonyea. Colin alipitisha mkono juu yake akazima injini. Anasema hilo ndilo linalomnyima usingizi, ule ukimya uliofuata, kwa sababu ndipo aliposikia jinsi Merv alivyokuwa akipumua.

Ndege ya madaktari ilimchukua hadi Brisbane usiku uleule, akafanyiwa upasuaji mara mbili, tukakaa naye kwa zamu, na Jumapili ya tarehe 16 Machi, Noeline na Kerryn wakiwa wamekwenda kula, akaniita. Aliniambia anataka kusema jambo, ila watu hawatanisadiki, watasema Des ameshinda kesi mwenzake akiwa hawezi kujibu, kwa hiyo nimwite muuguzi aandike. Sista Marama Tuhoro aliandika, marehemu akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, akaniagiza, "Wasomee kanisani au ukumbini, popote, lakini na mimi niwepo." Yupo. Nayasoma kama yalivyo.

"Nimewaambia watu miaka arobaini kwamba gari ni chuma kigumu. Chuma cha zamani kilikuwa kigumu kweli, hapo sirudi nyuma, na Des asinenepe. Lakini mimi nilikuwa nagonga mlango tu, sikuuliza nani amekaa ndani. Kishindo lazima kiende mahali. Cha Kerryn kiliingia kwenye boneti, kikaishia huko. Changu kilipita kwenye chuma chote, chuma kikakataa kukipokea, kikanifuata mimi. Gari langu zima. Mimi je? Siku ile darajani niliita takataka kitu kilichoniachia mwanangu na mjukuu wangu, na nilijua nakosea wakati mdomo bado uko wazi. Noeline, niwie radhi kwa ile miezi minne. Bronte asipewe ya kijani. Nilimwahidi, navunja ahadi, anikasirikie tu, bora akasirike akiwa hai. Injini itolewe ikapige maji kisima cha Tarrawonga, itawazika nyote mnaosikiliza. Na ninyi mlionunua za zamani kwa maneno yangu, pakieni mbuzi, pakieni nyasi, watoto wenu msiwapakie. M. C. Haddow, fundi."

Alipomaliza aliniona nafuta macho, akanitania kwa pumzi iliyobaki, "Usilie, shemeji, umeshinda, nenda kajigambe baa." Nimeshindana na mtu huyu nusu ya maisha yangu nikiombea siku atakayosema Des ulikuwa na haki, na ilipofika ningetoa kila nilicho nacho aendelee kunibishia. Mauti yalimkuta Alhamisi ya tarehe 20 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, Noeline ameushika mkono wake.

Bronte, mjukuu wangu, umekaa siku nane husemi na babu yako Des, ukiamini nimeyatunga haya, nami sikulaumu, ningekuwa wewe ningeamini hivyohivyo. Karatasi ni hii, mwandiko wa sahihi unaujua, umeuona kwenye kadi zako zote za siku ya kuzaliwa, ulivyopinda kule mwishoni. Tukitoka hapa ni yako.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea angani na ardhini, na kwa namna ya pekee Sista Marama, ambaye hakuwa na wajibu wa kuandika barua lakini aliandika, tunamshukuru Colin kwa kukaa chini ya mkaratusi ule hadi msaada ulipofika, tunawashukuru mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo ili waje, jirani zetu waliolisha ng'ombe na kumwagilia bustani ya Noeline bila kuombwa, na akina mama wanaotuandalia chai, sandwichi na keki za nazi kule nyuma, tusiondoke bila kula. Wale ambao hatukuwataja mtusamehe, ni uchungu tu.

Nje mmeiona ile ya kijani, Colin aliiendesha mwenyewe kutoka kule kwenye mti hadi hapa, iliwaka kwa ufunguo wa kwanza, na najua mmeshadhani jeneza litapanda humo. Halitapanda. Marehemu ameagiza abebwe kwenye pikapu yangu nyeupe ya mwaka juzi, ile ambayo siku ya kwanza aliigonga akasema hata biskuti zitalalamika kuwekwa humo, na dereva awe Bronte, ikiwa atakubali, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa mipira ya dawa aliniomba niigonge mlango kwa niaba yake kabla ya safari.

Bronte, funguo nimeziweka hapa juu ya jeneza, karibu na kofia yake. Nawe shemeji, nimegonga leo asubuhi, mara mbili, kwa vifundo kama ulivyonionyesha, na imelia mkebe wa biskuti, mkebe mtupu kabisa. Pumzika salama, Merv, mtoto atafika.