Tonge la Stanislaus: Tunamuaga Mama Benita Niyubahwe

Miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Huo ndio utumishi wa Mama Benita Niyubahwe tangu aajiriwe katika hospitali yetu, ingawa mwenyewe anashikilia kwamba tumemnyima siku mbili. Tarehe 30 Juni mwaka huu anastaafu, na kuanzia kesho yake chumba cha mazoezi ya viungo kitafunguliwa bila kelele zake. Sijui wagonjwa wataamshwa na nini.

Alifika Kasulu akiwa mtoto mdogo, ameshika kanga ya mama yake, familia ikitoka Burundi. Wakaweka makazi Kitanga, wakalima, wakawa raia. Aliajiriwa hapa kama mhudumu wa wodi, kazi yake kubwa ikiwa kugeuza wagonjwa vitandani. Muuguzi mkuu wa wakati ule aligundua kuwa wagonjwa wanaogeuzwa na Benita hawapati vidonda vya mgongo, akampigania hadi akapelekwa Moshi kusomea tiba ya viungo. Aliporudi alifanya kazi Kibondo, kisha kambi ya wakimbizi ya Mtendeli mpaka ilipofungwa, kisha akarudishwa kwetu akiwa na pikipiki yake na kofia ngumu ya rangi ya waridi ambayo hakuna anayethubutu kuicheka mbele yake.

Wagonjwa humwogopa wiki ya kwanza na kumlilia wiki ya mwisho. Msemo wake ni mmoja: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi wetu tunakumbuka gunia lake la maharage, ambayo wagonjwa waliokuwa wakifufua vidole waliyaokota punje moja moja, siku nzima, miezi na miezi. Siku mpishi mgeni alipoyachukua na kuyapika, wafanyakazi wote tulikula na kusifia. Mama Benita alipopata habari alikataa kutusalimia siku nne.

Lakini nikiulizwa nimweleze kwa jambo moja tu, nitasimulia habari za Stanislaus Harerimana, naye mwenyewe ameniruhusu.

Stanislaus ni mkulima wa Kagerankanda. Alianguka kutoka juu ya mchikichi akavunjika shingo. Miguu iligoma kabisa. Mikono ilibaki nusu: viwiko vilikunjika, vidole vililala tu. Madaktari bingwa wa Mwanza walisema upo upasuaji unaoweza kumsaidia. Kiwiko kina zaidi ya msuli mmoja wa kukikunja, kwa hiyo tawi la mshipa wa fahamu la msuli mmojawapo linaweza kuchukuliwa na kuunganishwa na mshipa wa vidole, kama mkulima anavyochepusha maji ya mfereji yaende kwenye tuta lililokauka. Walitoa masharti mawili: afanyiwe kabla mwaka haujaisha tangu alipoanguka, na awe na mwili wa kuhimili kisu.

Na mwili ndio uliokuwa ukiisha. Stanislaus alikonda hadi mbavu zikahesabika. Mama Benita alimtembelea nyumbani mara tatu, na mara zote tatu aliandika kwenye faili: hana hamu ya kula. Kutoka Mwanza likaja jibu kwamba kwa uzito ule hawatampasua.

Mara ya nne alikwenda saa saba mchana bila taarifa. Alikuta ugali na maharage vimefunikwa kando ya kitanda, bado vya moto, na mgonjwa anavitazama. Jeannette, mke wa Stanislaus, huuza dagaa sokoni tangu alfajiri hadi jioni. Aliyebaki nyumbani ni mama yake Jeannette. Yule mama alikuwa amepika, ametenga, kisha ametoka nje na kuupa mlango mgongo, kwa sababu kwao Warundi mama mkwe hamlishi mkwe wake wala hakai naye akila.

“Nitamlishaje umukwe wanje?” alimwambia Mama Benita huku akilia. “Namwona anakwisha, mwanangu, na mkono wangu haunyanyuki.” Stanislaus naye asingeomba hata kwa mtutu wa bunduki.

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, Mama Benita alisimama. “Mimi ni mtoto wa Kirundi, nimelelewa na mila hiyo hiyo, halafu naandika hana hamu ya kula. Niandikieni onyo.” Hakuna aliyeandika. Nilimwona akifuta macho kwa pindo la koti lake jeupe, na nakiri nami nilifuta yangu.

Hakumsuta yule mama wala kumlazimisha. Siku ile ile aliyomkuta analia alimwita Bazilio, fundi baiskeli wa jirani, akamwonyesha jinsi ya kumketisha mgonjwa na kumlisha kila mchana. Uzito ukarudi, na mwezi wa kumi na moja tangu aanguke, Stanislaus akapasuliwa.

Kisha ikaja subira. Mshipa wa fahamu huota kama milimita moja kwa siku. Kwa miezi tisa Mama Benita alikwenda Kagerankanda kumwambia akunje kiwiko huku akiwaza vidole, na vidole vikamtazama tu. Mwezi wa kumi kidole gumba kilitikisika. Baada ya Pasaka iliyofuata, mbele ya macho ya Mama Benita, Stanislaus alimega ugali, akachovya, akala.

Nje, mama mkwe alisikia sahani ikigonga. “Nani anamlisha?” aliuliza akiwa bado amegeukia shamba.

“Anajilisha,” Mama Benita alimjibu.

Yule mama aliketi chini kwenye vumbi na kusema Imana ishimwe, Mungu asifiwe, tena na tena, hadi ugali ulipokwisha.

Mama Benita, asante kwa kila mkono ulioufufua, na asante zaidi kwa kukubali mbele yetu kwamba ulikosea. Ukapumzike Kitanga kwa afya na amani, watu wakikuzunguka. Ila Ijumaa, kwenye sherehe yako, jiandae. Meneja ameomba kukulisha keki, na sisi wa wodini pia tumeomba. Wote tumekataliwa. Stanislaus anakuja na kiti chake cha magurudumu, na kipande cha kwanza atakulisha yeye, kwa mkono wake.