Mbabula Katikati ya Jikoni

Benchi ya Rachidi ni ubao mmoja juu ya ndoo mbili za rangi zilizojaa mchanga, hapa kwenye kona ya barabara ya Lumumba, na asubuhi yoyote ambayo Bunia haijasikia risasi, wanaume wanakaa pale kunywa kahawa yake ya tangawizi na kueleza kila kitu wasichokijua. Mimi si mtu wa benchi. Nilikuja mbio, Bienvenu mgongoni, ana miezi minane, kumtafuta Paluku, masoni, yaani mwashi, ambaye wote wanamwita Nivo, kama kile kipimo cha usawa, kwa sababu hata kikombe chake anakiangalia kama kimelala sawa. Juzi risasi iliingia kwa dirisha la jirani yangu Joëlle ikatoboa sufuria juu ya mbabula, lile jiko la makaa, na mbabula yake imejengwa ukutani kama yangu, na yeye alikuwa ameinama kuokota kijiko, ndiyo maana yuko hai. Basi nikasema yote kwa pumzi moja, hata salamu nilisahau.

— Papa Nivo, unijengee meza ya matofali katikati ya jikoni, isiguse ukuta, mbabula mbili zikae mule ndani kwa juu. Leo, kama unaweza. Kwa ukuta nikipika, mulango iko nyuma yangu, dirisha iko nyuma yangu, na kwa mugongo iko Bienvenu, njo yeye anatangulia kupigwa, unaelewa?

— Katikati? akasema Nivo. Sawa altare ya kanisa?

— Sawa altare. Padri anaona watu yote yenye banaingia.

— Ile kitu niliiona kwa Kilo, akadakia Baudouin, tunayemwita Injenieri kwa sababu zamani aliwabebea wapima ardhi kamba kule kwenye migodi ya Kilo. Kwa nyumba ya wazungu. Moto iko katikati, mupishi anazunguka sawa mutu ya dansi. Na chini fasi ya sahani.

— Sahani gani? Huyo alikuwa Lucien, tunayemwita Antene, mwenye redio. Bale ya bunduki bakikuja, banabeba na sahani. Shida ni moshi. Bakiona moshi banajua kuko chakula.

— Moshi tunaipitisha na tuyo, ile bomba, chini ya udongo, akasema Injenieri. Itokee kwa jirani.

— Jirani ni miye! akasema Rachidi, birika mkononi.

— Njo vizuri, weye uko na moshi tayari.

Wakacheka. Nivo hakucheka, alichora mraba kwenye vumbi kwa kijiti.

— Na bwana yako Roger, alikubali? akauliza.

— Roger amekwama Mahagi na lori, barabara imefungwa. Atakuta imejengwa.

— Basi chini tuache wazi, akasema Injenieri. Siyo kwa sahani. Kwa mutoto. Bakianza kupiga, unaingiza Bienvenu mule, unafunga na bati.

Hapo moyo wangu ukashuka mahali pake mara ya kwanza tangu juzi. Nikasema ndiyo, Nivo afanye hivyo, afanye shimo, na tayari nilikuwa naliona, na blanketi ndani, na bati mlangoni.

— Sasa kama iko shimo, akasema Antene, kwa nini iishie pale? Tuchimbe, itokee nyuma ya soko.

— Soko iko na basoda na bunduki yabo, akasema Injenieri. Itokee Mahagi!

— Mama Bienvenu anashuka huku na sufuria, anatokea chini ya lori ya bwana yake.

— Na miye nauza kahawa katikati ya njia, akasema Rachidi.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja nisiyemjua, kifurushi katikati ya miguu. Alifika jana kutoka Kilo, kwa miguu. Alisema anaitwa Vahwere.

— Mama, niulize tu. Huku banapigaka saa gani?

— Juzi ilikuwa saa nne ya asubuhi.

— Ni saa ya kupika. Sasa mule chini ya moto, mutoto ataingia namna gani?

Rachidi aliacha kumimina. Injenieri alimtazama Antene, Antene akatazama redio yake. Nivo aliweka kidole kwenye mraba wake, akakitoa.

— Matofali inashika moto mpaka saa sita, akasema polepole. Hapana. Tutajaza mpaka chini. Ikiwa nzito, risasi haipite.

— Na Bienvenu? nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda. Bienvenu nitamuweka wapi sasa? Shimo muliisema nyiye, siyo miye, muniambie sasa!

Vahwere aliweka kikombe chini.

— Abakie pale kwa mugongo. Uchuchumae naye nyuma ya meza. Akamgeukia Nivo: Papa, umupime huyu mama akiwa chini.

Meza ya kupikia, Nivo anaipima na kamba, kutoka chini mpaka kwenye goti la mwenye jiko, kwa sababu bugali inataka kukandamizwa. Safari hii nilichuchumaa pale barabarani, mbele ya wanaume, mikono kichwani, na Bienvenu akacheka, alidhani tunacheza. Nivo akavuta kamba kutoka vumbini mpaka juu ya kofia ya mtoto, akaongeza vidole vinne, akafunga fundo.

— Itakuwa juu sana, Mama Bienvenu. Bugali utaikoroga namna gani?

— Nitasimama juu ya tofali, nikasema, na bado nilikuwa nimechuchumaa.