Mwalimu Tope na Kabati la Machujio

Tunayemsindikiza leo ni baba yetu, ambaye chuo kizima kilimwita Mwalimu Tope. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa fundi bomba. Shangazi anasema alianza kuula udongo kabla hajaanza kuusoma.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1956, akamaliza sekondari 1967 na kupata shahada ya kemia 1971. Miaka mitatu baadaye chuo kilimwajiri kufundisha sayansi ya udongo, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2009.

Utafiti wake mkubwa ulikuwa chujio la maji la udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Vikombe vidogo alivyochoma katika tanuri la maabara vilichuja vizuri, lakini kila alipojaribu chujio kubwa, lilipasuka. Akaandika kwamba haiwezekani, akafungia madaftari kabatini. Jambo hilo lilimuuma.

Alimwoa mama, mkunga, tarehe 17 Desemba 1977. Kwa miaka mingi mama alisikiliza habari za machujio mezani huku chakula kikipoa.

Mwaka 2004 mwanafunzi wake, binti wa mchoma matofali, aliomba madaftari hayo aanzishe kampuni. Baba alikataa katakata, akisema chuo si duka. Binti alirudi mara tatu. Mara ya nne alimwambia, “Mwalimu, tanuri lako lina haraka. Kwetu tofali linapikwa siku tatu. Nipe ufunguo, nikishindwa nitaurudisha mwenyewe.”

Alimpa. Machujio hayakupasuka, na baba akanuna mwezi mzima. Mama ndiye aliyempa binti yule na wenzake banda letu la gari wafanyie kazi, bila kumuuliza mtu. Leo kampuni ina wafanyakazi arobaini na mmoja.

Alipostaafu, baba aliomba kazi kwa mwanafunzi wake, akapewa ya kugonga. Kila chujio aliligonga kwa kidole na kutega sikio. Lililolia kama kengele lilipita; lililosema “pu” lilirudishwa.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2023, na tarehe 2 Juni 2024 alilazwa. Pale wodini palikuwa na chujio la kampuni. Aliomba asogezwe kwa kiti cha magurudumu, akaligonga, akakunja uso.

“Hili lina ufa,” alisema. “Mpigieni bosi wangu.”

Muuguzi alidhani anaweweseka. Bosi alikuja jioni ileile, akalimulika, akakuta ufa mwembamba kama unywele. Alileta jipya. Baba aligonga, akasikiliza, akanywa glasi nzima ya maji. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Juni.

Ameacha mjane, dada mmoja, wajukuu watano na watoto wanne. Wanaotujua watasema tulizaliwa watatu. Wa nne ni yule binti wa mchoma matofali. Baba mwenyewe aliagiza aandikwe hivyo, na sisi tumeandika kwa moyo mmoja.

Apumzike kwa amani, Mwalimu Tope. Ufunguo haujarudishwa.