Michio Tsukuda, Kinyozi Aliyeunganisha Karatasi Bila Gundi

Marehemu Michio Tsukuda alizaliwa tarehe 11 Machi 1948 katika kijiji kimoja nje ya mji wa Kurayoshi, mkoani Tottori, akiwa kitindamimba wa Mzee Yasaku na Bi Tome Tsukuda, wakulima wa mapeasi. Siku hizo kila peasi lilivishwa mfuko wa gazeti likiwa bado mtini, na mifuko hiyo ilikunjwa nyumbani. Michio aliianza kazi hiyo kabla hajajua kuyasoma magazeti yenyewe. Kukunja alikupenda. Gundi ya unga aliichukia, maana iliganda vidoleni, na mama yake hakumruhusu kugusa chakula mpaka ibanduke yote.

Alisoma shule ya kijijini na kumaliza sekondari ya chini mwezi Machi 1963. Hesabu ilimpiga chenga, na mwenyewe hakuwahi kulificha hilo. Akaenda chuo cha vinyozi mjini Tottori, akapata leseni mwaka 1967, akafanya kazi chini ya mwalimu wake hadi Aprili 1972, alipofungua duka lake karibu na mto Tama, mjini Kurayoshi. Mzee Yasaku hakuliona duka hilo. Alifariki mwaka 1970.

Wateja waliosubiri zamu Michio hakuwapa magazeti ya kusoma. Aliwapa vipande vya mraba alivyokata kwenye matangazo ya madukani, akawafundisha kukunja vipande vyenye ndimi mbili na mifuko miwili. Ulimi wa hiki huingia mfukoni mwa kile, bila gundi. Sita hutoa mchemraba, thelathini hutoa mpira mkubwa wenye ncha kama nyota. Cha kwanza cha kila mtu kilitoka kama leso iliyokaliwa. “Usiogope, karatasi haiumi,” aliwaambia. “Cha kwanza kikitoka kizuri, nitakushuku.”

Tarehe 14 Oktoba 1973 alimwoa Kinue Hatanaka, kinyozi mwenzake, mwenye mkono mwepesi wa wembe kuliko wake. Baba yake Kinue, Mzee Genzaburo, seremala wa mahekalu anayeunganisha boriti bila msumari hata mmoja, hakuhudhuria harusi. “Anakata kitu kitakachoota tena mwezi ujao,” alisema, “halafu jioni anachezea karatasi. Huyo naye mume?” Walipokutana njiani alimwita “kinyozi”, basi, na nywele zake akaenda kukatwa ng’ambo ya mji. Michio, aliyekuwa amekwisha kufiwa na baba, alitamani jambo moja tu, na mkewe alilijua: siku moja mzee yule amwite mwanangu.

Ikapita miaka kumi na moja. Mwishoni mwa mwaka 1984 kinyozi wa mzee alivunjika mkono, na kwetu mtu haingii mwaka mpya na nywele za mwaka wa zamani. Tarehe 30 Desemba Mzee Genzaburo aliingia dukani, akaketi kitini bila salamu. Nyuma yake, Michio alikuwa akiwafundisha wageni wawili benchini. Kinue akiwa bado anachemsha maji ya taulo, mzee alinyoosha mkono, akachukua karatasi rafuni, akaanza kukunja kimyakimya huku akimchungulia mkwewe kwenye kioo. Akamaliza vinne.

“Kinyozi, niunganishie hivi na vyako.”

Michio akajaribu. Havikushika.

“Ndiyo ufundi wenyewe huo?”

“Viko kinyume, baba. Umenitazama kwenye kioo, kulia kwangu kumekuwa kushoto.”

“Kinyume na nini?”

Michio akafikiri. “Na vyangu.”

Mzee akachukua viwili vyake mwenyewe, akavichomeka, akavivuta kwa nguvu. Vikagoma kuachana. “Mbona hivi vinashikana?”

Bwana Morioka, muuza samaki, akadakia kutoka benchini. “Mwambie arudie, Michio. Vinne tu, havimuui mtu.”

Michio hakumwambia arudie. Alivuta kiti cha pili, akaketi kando ya mkwewe, wote wawili wakikitazama kioo, akaanza kujifunza upya kwa mkono wa mzee. Vidole vilivyozoea upande mmoja tangu utotoni vilikataa. Cha kwanza kikatoka leso iliyokaliwa, na mzee akacheka mpaka Kinue akaweka taulo chini.

“Kwa nini usinisahihishe mimi?” akauliza.

“Vyako havina kosa, baba. Vimekosa wenzao tu.”

Michio alikunja ishirini na sita vya kinyume, vikatimia thelathini na vile vinne vya mzee, na wateja wakanung’unika kwa njaa hadi Kinue alipowagawia machungwa. Mpira ule mzee aliutundika kwenye karakana yake. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akanyolewa, akakunja, akamsema Morioka. Ila jina halikubadilika. Lilibaki “kinyozi”.

Mwezi Februari 2012 Michio aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Wodini aliwafundisha kukunja wagonjwa wenzake na muuguzi mmoja aliyekuwa na haraka mno. Tarehe 19 Oktoba 2013 aliruhusiwa kurudi nyumbani, akamnyoa mzee, yeye mwenyewe akiwa ameketi, huku Kinue amemshika mabega. Alifariki Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2013, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Familia inamlilia, na itamlilia sana.

Wasifu huu ulisomwa kwanza nyumbani, jana. Ulipofika kwenye majina ya walioachwa, Mzee Genzaburo alimkatiza mjukuu wake, Shiori.

“Umeandika baba mkwe. Futa hilo la mkwe.”

“Babu, watu watachanganyikiwa. Wanajua babake Baba alishafariki.”

“Waache wachanganyikiwe. Mimi nilijua yeye ndiye atakayenizika, nikajiambia muda ninao.”

Kwa hiyo limefutwa. Marehemu ameacha mke, Kinue, binti, Shiori, dada wawili, Fujie na Masuyo, na baba, Mzee Genzaburo Hatanaka, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, ambaye ameomba maneno ya mwisho yawe yake: Mwanangu Michio, pumzika kwa amani.