Saa ya Mama Chupa

Ndugu, jamaa na majirani mliokesha nasi, familia imemtuma mdogo wake marehemu asome maisha yake, naye anaomba mumvumilie, maana shule yake ni ndogo na amechoka.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi wa maabara alikohitimu tarehe 4 Desemba 1979.

Januari 1980 aliajiriwa maabara ya bahari, kazi yake kupanda meli na kuteka maji ya vilindini kwa chupa, ndipo akaitwa Mama Chupa, na kupima ndani yake mionzi hafifu ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, iliyoshuka na mvua miaka ya nyuma, maana kwa mionzi hiyo hujulikana maji yalizama lini, yamepita wapi na yamechanganyika na yapi.

Tarehe 17 Julai 1982 alifunga ndoa na fundi umeme, aliyependa kusema mkewe anajua umri wa maji ila husahau wa mumewe, wakajaliwa mabinti wawili, 1983 na 1986.

Hapa msomaji anatubu. Mwaka 1988 alimzawadia dada saa inayong'aa gizani, dada akamtuma kwanza aulize dukani kama mng'ao ule ni wa mionzi, kwani saa za namna hiyo huharibu vipimo, naye akajibu ameuliza, ni rangi tu, kumbe hakuuliza, aliona uvivu kurudi. Dada akaivaa melini, na maji aliyoteka siku arobaini na moja yakaharibika yote, dada akaandikwa mzembe, hakupanda meli tena, akaosha chupa hadi alipostaafu 2018. Mdogo wake alipotaka kwenda kusema ukweli, dada alimzuia: "Acha, mdogo wangu. Saa ilikuwa mkononi mwangu." Naye akaacha, kwa woga. Basi wakubwa wake wa kazi mlioketi hapa, hakuwa mzembe.

Aliugua figo tangu Agosti 2020, akafariki tarehe 2 Juni 2021, saa kumi na moja alfajiri, na ile saa tuliikuta chini ya mto wake, imezimika mng'ao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotubebea maji, na wafanyakazi wenzake.

Pumzika, dada, kwa amani ambayo mdogo wako alikucheleweshea.