Pamba Iliyonasa Mara Nne

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Bi. Asteria Bujiku, Mama Vumilia, anastaafu ukaguzi wa kamba za chuma zinazovuta lifti ya shimo letu la mgodi hapa Geita.

Alikuja kutoka Tinde na cheti cha upigaji chapa. Utawala ukampa achague: kiti cha ofisini au karakana ya kamba. Akachagua karakana. Mama yake alinuna mwaka mzima, binti msomi kurudi nyumbani na grisi kwenye kucha! Miaka michache baadaye kompyuta ziliingia, chumba cha wapiga chapa kikageuzwa stoo. Hajawahi kututambia kwa hilo, ila kila akipita pale lazima akohoe.

Kazi yake ni kupitisha pamba juu ya kamba, polepole, mita kwa mita. Uzi wa chuma uliokatika huinasa. Pamba huletewa na ndugu zake wa Tinde, na ole wako umpelekee ya dukani.

Mwaka jana kililetwa kifaa cha kupima kamba kwa sumaku, pamoja na tetesi kwamba nafasi yake inafutwa. Kisha, Machi mwaka huu, pampu ilikufa na maji yakaanza kupanda shimoni. Tulikuwa kumi na mmoja huko chini. Skrini ilisema kamba ni salama, na msimamizi wa zamu, Bw. Edward, akaamuru lifti ishuke. Bi. Asteria akaziba mlango wa lifti. Kifaa hakifiki pale kamba inapofungwa kwenye lifti, naye alikuwa bado hajapagusa.

"Nipeni dakika tano, baba," alisema.

Sisi maji yalikuwa magotini. Kwenye simu ya shimoni tulimtukana, na leo tunaomba radhi.

Pamba ilinasa mara nne. Mafundi wakakata kipande kile na kufunga upya, saa nzima na zaidi. Maji yalifika kifuani. Yasini aliomba dua kwa sauti, nami Mkristo nikaitikia kila neno. Ndipo lifti ikashuka.

Kifaa tunacho bado, na nafasi yake haikufutwa. Vijana wakimuuliza wasomee kazi gani isiyochukuliwa na mashine, huwapa kwanza pamba washike.

Shikamoo, Mama Vumilia. Asante. Nenda ukalime, ukalale mpaka jua liwake, na Mungu akupe afya tele. Wale kumi na mmoja tumeketi safu ya mbele leo. Tuhesabu.

Edson, zamu ya pili